Kuendesha baiskeli ya mlimani bila kujitesa: hatua kwa hatua

Watu wengi wakianza baiskeli ya mlimani kitu cha kwanza kuwaza ni kununua. Foki mpya (ule uma unaoshika gurudumu la mbele), tairi mpya, magurudumu mepesi, na huku baiskeli waliyonayo hawajawahi hata kuipima upepo. Mimi naandika kwa ajili ya mtu anayeendesha kwa raha zake wikiendi, sio wa mashindano, na msimamo wangu ni kwamba kabla hujatoa hela maliza kwanza vitu vya bure: upepo, urefu wa siti, leva za breki zilipokaa, cheni safi. Malalamiko mengi yanaishia hapo. Tutaenda kwa mpangilio wa siku yenyewe, toka jioni ya kujiandaa mpaka baiskeli imerudi ndani.

Kuhusu baiskeli yenyewe sitakaa sana. Kama unaanza, yenye shokapu mbele tu inakutosha kabisa, ni nyepesi, ina vitu vichache vya kuharibika, na inakufundisha kuchagua pa kupita maana ukikosea utajua mgongoni. Yenye shokapu mbele na nyuma inasamehe zaidi kwenye mawe na mizizi ila ina beringi na mihuri (mipira ya kuzuia mafuta yasitoke na vumbi lisiingie) kibao ya kuhudumia. Magurudumu siku hizi mengi ni inchi 29 au 27.5, ya 29 yanavuka mawe kirahisi, ya 27.5 yanageuka upesi, na ubishi wa hayo mawili hauishi kwahiyo waachie wanaoupenda. Kikubwa ni saizi ya fremu. Simama juu ya baiskeli miguu yote chini, bomba la juu lisikuguse. Fremu isiyokuenea hamna marekebisho yatakayoiokoa.

Hatua ya 1: Jioni, dakika kumi za kukagua

Fanya jioni, sio asubuhi wenzako wanakusubiri barabarani na wewe ndo kwanza unatafuta alenki. Inyanyue baiskeli kidogo tu, kimo cha kiganja, iachie idondoke kwenye magurudumu yake, sikiliza. Mlio mmoja mzito, iko sawa. Ikilia kama kabati la masufuria, kuna kitu kimelegea.

Sasa kamata breki ya mbele, mkono mwingine weka vidole pale shingo ya foki inapoingia kwenye fremu, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukihisi mchezo chini ya vidole ujue beringi za shingo zimelegea. Dawa yake ina mpangilio: legeza kwanza boliti za pembeni za stemu, yaani kile kipande kinachoshika usukani, alafu kaza ile boliti ya juu taratibu mpaka mchezo uishe ila usukani bado unageuka laini, nyoosha usukani, ndo urudi kukaza za pembeni. Wengi wanakaza ya juu tu bila kugusa za pembeni na wanashangaa mbona hamna kinachobadilika.

Tikisa kila gurudumu kushoto na kulia, hakikisha ekseli zimekaza, chungulia pedi za breki. Ile nyama ya pedi ikishuka chini ya milimita moja badilisha, ukingoja chuma kikwaruze diski utanunua vyote viwili. Boliti za stemu nyingi zimeandikwa nguvu ya kukazia pale pale, mara nyingi 5 Nm hivi (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), na kama una usukani wa kaboni usibahatishe, azima spana ya kupimia nguvu hiyo. Na kwa wale wanaohangaika na pedali ya kushoto kila siku: uzi wake uko kinyume, inafunguka kwa kuzungusha upande ambao boliti zingine zinakaza.

Hatua ya 2: Upepo, na hapa tukae

Ukiamua kununua kitu kimoja tu, nunua geji ya upepo inayosoma vizuri namba ndogo. Kubinya tairi kwa dole gumba hakukwambii kitu, maana tairi yenye ubavu mnene ikiwa na upepo mdogo na yenye ubavu mwembamba ikiwa na upepo mwingi zinaweza kuhisika sawa kabisa kwenye kidole. Na ile namba iliyoandikwa ubavuni, kwamba mwisho psi 50 au 60 (psi ni kipimo cha upepo), ni mpaka wa kutovuka, sio ushauri. Mtu anajaza mpaka hapo, anaingia kwenye njia ya mawe, baiskeli inarukaruka, mikono inakufa ganzi, anateleza kwenye mizizi, alafu anasema foki yake mbovu. Foki haina kosa lolote. Tairi ikiwa ngumu haiwezi kujikunja ikalikumbatia jiwe, inaligonga inaruka, na tairi iliyoko hewani haikati kona wala breki haina cha kukamata.

Anza hivi. Mtu wa kilo 70 hadi 80, tairi ya upana wa inchi 2.3 au 2.4 yenye tyubu, mbele psi 26, nyuma 29. Kama ni tyublesi, yaani tairi lisilo na tyubu ndani, mbele 22, nyuma 25. Ukiwa mzito zaidi ongeza, mwepesi punguza. Nyuma iwe juu kwa psi 2 au 3 kwasababu uzito mwingi uko huko. Alafu tafuta kipande kifupi cha njia unachokijua, chenye kona na mawe kidogo, kipite, punguza psi 1 au 2, kipite tena, punguza tena. Kuna mahali utahisi baiskeli imetulia ghafla. Endelea kushusha mpaka uone dalili moja kati ya mbili, aidha tairi inayumba ubavuni ukilala kwenye kona kwa kasi, au rimu inagonga jiwe, na ule mlio ukishausikia hutauchanganya na mwingine. Hapo rudisha psi 2.

Iandike hiyo namba kwenye simu. Pima kila unapotoka, na geji ile ile, maana geji mbili mara nyingi hazikubaliani na wewe huhitaji namba ya dunia nzima, unahitaji namba yako irudi ile ile. Upepo wa tairi unapungua wenyewe hata baiskeli ikikaa tu, kwahiyo habari ya "nilijaza wiki iliyopita" haipo.

Hatua ya 3: Siti, leva, shokapu

Siti ya kupandia: kaa, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukirudi kukanyaga kawaida kwa sehemu ya mbele ya mguu, goti linabaki limekunjika kidogo, ndo penyewe. Goti likiuma kwa mbele, mara nyingi siti iko chini mno. Kwenye kushuka siti inatakiwa iteremke, isikusukume mbele wakati unataka kurudi nyuma, na kama nguzo ya siti yako haina kitufe cha kushushia basi simama juu ya mlima uishushe kwa mkono, haichukui hata dakika.

Leva za breki wengi wanaziacha zilivyotoka dukani. Zisogeze ndani kuelekea katikati ya usukani mpaka ncha ya leva ikae chini ya kidole cha shahada peke yake. Breki za diski za mafuta kidole kimoja kinatosha, vilivyobaki kazi yake ni kushika usukani. Kama unahitaji vidole vitatu kusimama, tatizo liko kwenye breki.

Shokapu za hewa: vaa kila kitu utakachovaa pamoja na begi, ule mpira mdogo kwenye mguu wa foki usukume mpaka chini, panda taratibu, simama kwenye pedali ulivyo ukiwa unashuka mlima, teremka bila kurukaruka, pima mpira umesogea kiasi gani. Foki izame asilimia 20 hivi ya safari yake yote, yaani urefu wote inaoweza kuzama, ya nyuma 25 hadi 30. Foki ya milimita 120 basi izame kama milimita 24. Tumia pampu ya shokapu, ya tairi haifai hapa. Ile nobu ya chini ya foki, mara nyingi nyekundu, ndo inaamua irudi kwa kasi gani, na kama mbele inakurusha ukitoka kwenye bonde ipunguze kasi kidogo kidogo.

Hatua ya 4: Begi na mavazi

Tyubu moja hata kama unatumia tyublesi, vishika tairi viwili vya plastiki (vya kutolea tairi kwenye rimu), pampu ndogo, alenki za kukunja zenye kikatia cheni, kiungo cha haraka cha cheni kinacholingana na idadi ya gia zako (cha gia 11 hakiingii kwenye 12), viraka, solusheni, msasa kidogo. Ongeza kile kipande cha chuma kinachoshikilia deraila, yaani ile inayohamisha cheni kwenye gia za nyuma, kwenye fremu. Kimetengenezwa laini makusudi kipinde au kivunjike badala ya fremu, na fremu nyingi zina chake, kwahiyo huyo mwenzako hata awe na roho nzuri vipi cha kwake huenda kisikusaidie. Maji zaidi ya unavyodhani.

Helmeti ikae vidole viwili juu ya nyusi, sio nyuma kichwani, mikanda itengeneze pembe chini ya sikio. Ikishapigwa kisawasawa inastaafu hata kama kwa nje haina ufa, maana povu la ndani likishabonyea halirudi. Glavu ndefu, miwani, na kwenye njia za mawe vaa kinga za magoti. Nyembamba za siku hizi unapandia mlima nazo bila shida.

Hatua ya 5: Kupanda

Badilisha gia kabla mlima haujakubana, ukisubiri mpaka unasukuma kwa nguvu zote cheni italia na kuruka na siku moja itakatika. Sogea mbele kwenye pua ya siti, inamisha kifua, viwiko chini. Baki umekaa, ukisimama kwenye changarawe gurudumu la nyuma linakosa uzito linazunguka bure. Macho yaangalie juu unakotaka kufika, sio jiwe lililo mbele ya tairi. Na ukishindwa shuka usukume, hamna aibu hapo.

Hatua ya 6: Kushuka

Simama. Pedali zote mbili usawa, zisiwe moja juu moja chini, ile ya chini ndo hugonga mawe. Magoti na viwiko vimekunjika, viwiko vimefunguka nje, nyonga nyuma kidogo ila sio kuning'inia nyuma ya siti, watu wamefundishwa vibaya hapa, ukirudi nyuma sana gurudumu la mbele linakosa uzito na usukani hautii tena. Uzito uwe miguuni. Mikono iwe myepesi kiasi kwamba unaweza kuchezesha vidole.

Sasa breki. Breki ya mbele ndo inasimamisha, kwasababu ukifunga uzito mwingi unahamia mbele, na wanaoiogopa wanaishia kuburuta ya nyuma mlima mzima huku tairi imefunga inalima njia. Tafuta sehemu tambarare ya udongo, nenda kasi ndogo, kamata ya mbele peke yake taratibu, kila mara zaidi kidogo huku unateremsha visigino na kusukuma miguu mbele, mpaka mwili wako ujue mpaka uko wapi. Alafu changanya zote mbili. Kwenye kona funga kabla hujaingia, achia, lala na baiskeli, mguu wa nje ubebe uzito. Ukifunga ya mbele katikati ya kona ya vumbi, tairi inaondoka na wewe unabaki.

Na usishikilie breki muda wote. Funga kwa nguvu mahali palipo pazuri, achia mahali pabaya, pale kwenye mizizi na mawe tairi inatakiwa izunguke. Kuburuta breki kidogo kidogo mlima mzima kunapika diski, mafuta yanapata joto, leva inakuwa laini au breki inakosa nguvu. Joto ni adui wa toka mwanzo wa mchezo huu: mwaka 1976 kule Marin County, California, vijana waliposhindana kushuka njia ya vumbi na baiskeli za zamani zenye breki ndani ya habu (kile kitovu cha gurudumu), grisi ilikuwa inaungua mpaka inatoa moshi na lazima habu ipakwe grisi upya kabla ya kushuka tena, ndo maana ile njia inaitwa Repack, yaani kupakia upya kwa Kiingereza, mpaka leo.

Pedi mpya au diski mpya zinataka kuzoeshwa: nenda kasi ya wastani, punguza kwa nguvu bila kusimama kabisa, rudia kama mara 20. Usipofanya hivyo zitapiga kelele na hazitashika, na utasema umeuziwa feki.

Njia zenyewe

Kwenye mbuga za baiskeli njia zina rangi. Marekani na Kanada kijani rahisi, buluu ya kati, nyeusi ngumu. Uingereza wanaweka nyekundu kati ya buluu na nyeusi, kwahiyo mgeni anayedhani buluu ni hatua moja kabla ya nyeusi anaruka ngazi. Rangi yenyewe ni ya pale pale, buluu ya huku inaweza kuwa na miruko ambayo kwingine ingeitwa nyeusi, pita mara ya kwanza polepole hata kama unajiamini.

Anayepanda ana haki ya njia, wewe unayeshuka ndo unasimama. Watembea kwa miguu na farasi wapishe, ongea kabla hujafika maana farasi akistuka mnaumia wote. Dimbwi la maji pita katikati, ukizunguka pembeni unapanua njia na wiki ijayo imekuwa barabara. Na udongo ukiwa umelowa kiasi cha kuacha mfereji nyuma ya tairi, geuza urudi. Ule mfereji ukikauka unabaki hapo hapo, na kuna watu wanaotoka na majembe siku yao ya mapumziko kuja kuufukia.

Hatua ya 7: Pancha njiani

Weka gia ndogo kabisa ya nyuma ndo utoe gurudumu. Usiguse leva ya breki gurudumu likiwa nje, pedi zitafungana na diski haitaingia tena, ikikutokea zitenganishe taratibu kwa kitu cha plastiki, sio bisibisi.

Toa upepo wote uliobaki, bana tairi kuzunguka lote ili kingo zake zidondoke kwenye mfereji wa katikati ya rimu, hapo tairi linalegea na mara nyingi utalitoa kwa kishika kimoja. Kabla hujatoa tyubu kumbuka ilivyokaa, na hapa kuna kitabia kizuri cha kuanzia nyumbani: panga maandishi ya tairi yaangaliane na valvu. Ukijaza tyubu ukapata tundu, unaipima na tairi unajua moja kwa moja mwiba uko wapi. Tundu moja, tafuta mwiba. Vitundu viwili vimekaa sambamba, hamna mwiba, tyubu imebanwa kati ya jiwe na rimu, upepo ulikuwa mdogo. Tundu upande wa ndani unaotazama rimu, angalia utepe wa rimu umesogea.

Mwiba usipoutoa utapasua na tyubu mpya, na hapo ndo watu wanalia. Pitisha kitambaa ndani ya tairi lote kwanza, kitanasa, kidole kifuate polepole. Ukiona tairi limechanika ubavuni weka ndani kipande cha pakiti gumu la kitafunwa au plastiki yoyote ngumu, itakufikisha.

Kama unaziba, kwaruza na msasa mpaka mng'ao uishe, paka solusheni nyembamba pana kuliko kiraka, alafu subiri. Subiri kweli. Solusheni ikikauka mpaka haing'ai ndo unabandika na kubonyeza kwa nguvu, kiraka kilichobandikwa kwenye gundi mbichi kinabanduka mbele ya safari.

Kurudisha: tyubu itie upepo kidogo tu ishike umbo, ingiza, anza kurudisha ukingo wa tairi upande ulio mbali na valvu na malizia kwenye valvu, kwa viganja sio kwa vishika maana ndo vinatoboa tyubu. Mwisho sukuma valvu ndani kidogo uiachie, uone tyubu haijabanwa. Jaza, zungusha gurudumu, angalia ule mstari wa pembeni ya tairi uko sawa kote.

Tyublesi mambo ni mepesi, ile dawa ya ndani inaziba vitundu vidogo yenyewe na tundu kubwa unachomeka kijiti cha mpira. Tatizo dawa inakauka, kila miezi 2 hadi 6 kutegemea joto, na wengi wanagundua siku wameipata pancha.

Hatua ya 8: Ukirudi

Maji ya kawaida na brashi. Mashine ya presha kaa mbali na habu, shingo na pale mikono ya pedali inapopita, maji yanasukuma grisi itoke na kuacha mchanga ndani. Cheni ikauke kwanza kabisa, ndo uweke tone la mafuta kwenye kila pini kwa upande wa ndani huku unazungusha pedali kinyumenyume. Acha iingie, alafu futa nje mpaka kitambaa kisichafuke. Mafuta yanayofanya kazi ni yale ya ndani ya pini, ya nje yanakusanya vumbi tu. Usitumie ya kupuliza karibu na diski, tone moja kwenye pedi na breki imekwisha.

Mara moja moja pima cheni ilivyolika. Kama huna kipimo tumia rula: hesabu viungo kamili 12, yaani bamba la ndani na la nje ndo kiungo kimoja, toka katikati ya pini mpaka katikati ya pini. Mpya ni milimita 304.8. Ikifika 306.3 hivi kwa gia 11 au 12, itoe, kwa gia chache zaidi unaweza kungoja mpaka 307. Ukichelewa itakula na meno ya kasseti, lile rundo la gia za nyuma, na kasseti bei yake sio ya cheni.

Miguu ya foki ifute, watengenezaji wengi wanataka foki ifunguliwe chini na kubadilishwa mafuta karibu kila saa 50 za kuendesha. Baiskeli ikikaa kichwa chini muda mrefu leva ya breki inaweza kurudi laini kwasababu kuna hewa imehamia, isimamishe wima, ivute leva mara kadhaa, iache ikae. Ikigoma mpelekee fundi aitoe hewa, na umwonyeshe kabisa kifuniko cha leva palipoandikwa kama breki inatumia DOT (aina nyingine ya mafuta ya breki) au mafuta ya madini, ukiweka isiyo yake mihuri inavimba na breki nzima inakufa.